Swichi ya Pili Haikuwa ya Akiba

Kamembe, Rusizi
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa Yaya Sultani, kaka yangu mkubwa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi na batoto, na kwamba homa iliyokuwa inamsumbua mdogo wenu imeshapita. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Maman presha yake imetulia tangu alipoacha kuweka chumvi kwenye kila kitu, ingawa bado anaificha kidogo chini ya mto kama mtu anayeficha dhahabu. Papa yuko salama, mgongo unamuuma asubuhi na kumwacha mchana, na karakana yake ya vyuma inaendelea. Mvua imekuja mapema mwaka huu, ziwa limechafuka kwa udongo, na jirani zetu wa upande wa chini wamemwoza dada yao wiki iliyopita. Tulicheza mpaka viatu vikatulemea. Wote wanakusalimia.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Mudathiru, alipopita na lori lake akitokea huko Kigoma. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Kwa heshima yote ninayokupa, maana wewe ndiye uliyenilipia masomo ya ufundi kule Karongi na silisahau hilo, nimeamua kukujibu kwa kalamu na si kwa simu. Mara ya mwisho kwenye simu ulipandisha sauti nami nikapandisha yangu, na hakuna aliyesikia kitu. Karatasi haipandishi sauti. Utanivumilia Kiswahili changu cha Kamembe, wewe uliyezoea cha huko.

Umeniambia mambo matatu. Kwamba umesikia nimemwaibisha Direkta wa hospitali mbele ya wageni. Kwamba niliichukua mashine ya Papa kwa nguvu nikavunja nayo kufuli la mali ya watu. Na kwamba niende nikapige magoti niombe msamaha, kama si kwa ajili yangu, basi kwa ajili ya jina la Papa. Hilo la mwisho umelirudia sana.

Yaya, sitaomba msamaha. Nimeliweka hapa juu ili usije ukasoma mpaka chini ukilitafuta. Sasa nipe nafasi nikusimulie yalivyokuwa, kwa sababu aliyekusimulia hakuwepo.

Unajua niliajiriwa katika ile hospitali ya kilimani kusimamia mtandao wa ndani. Wewe ni mtu wa vitenge, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyomweleza Maman. Kila mashine ya hospitali, ya maabara, ya picha za mionzi, simu za wodini, kamera ya chumba cha upasuaji, zote zinazungumza kwa kupitia kisanduku kimoja cha chuma chenye matundu mengi ya nyaya. Kisanduku hicho tunakiita swichi. Nilipofika kulikuwa na swichi moja, na ilipougua, hospitali nzima ilikuwa bubu. Wauguzi walikuwa wanakimbia na majibu ya maabara mkononi kwenye mvua.

Direkta wakati ule alikuwa huyu huyu, Direkta Kabera. Na lazima niseme haki yake: alinisikiliza. Nilimwambia tunahitaji swichi mbili, na si moja ifanye kazi na nyingine ikae kabatini ikingoja mwenzake afe. Nilitaka kutoka kila wodi zitoke nyaya mbili, moja iende swichi hii, nyingine iende swichi ile, halafu nizifunge pamoja kwa maagizo ndani ya mashine zenyewe, mpaka wodi izione kama njia moja pana. Swichi zenyewe nazo ziunganishwe ubavu kwa ubavu, ziwe zinaambiana kila kinachopita, ili yeyote anayezungumza nazo adhani anazungumza na kitu kimoja. Hapo unapata mambo mawili kwa mpigo. Swichi zote mbili zikiwa nzima, barabara ni pana, picha nzito zinapita bila kugombana. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wote, na mgonjwa wala hajui. Direkta aliuliza maswali mengi, mazuri, akakubali. Nilizivuta nyaya zile kwa mikono yangu, Yaya, nikipanda darini na vumbi la popo, na nilipomaliza nikachomoa swichi ya kwanza makusudi mbele ya wakuu wote wa idara, wakaona simu zinaendelea kulia. Walipiga makofi.

Sasa sikia jambo la ajabu. Yale makofi ndiyo yaliyonigeukia.

Walijenga ukumbi mpya wa mikutano, mzuri, wenye vioo upande wa ziwa. Ukapangwa mkutano mkubwa wa wafadhili wanaotaka kutujengea jengo la wazazi. Wengine wangekaa ukumbini, wengine wangefuatilia wakiwa nchi za mbali kwa njia ya video. Ukumbi ulikuwa umesahauliwa swichi, na iliyoagizwa haikuwa imefika. Direkta akaniita, akaniambia kwa upole tu nitoe moja ya zile mbili, niipeleke ukumbini mpaka wageni waondoke.

Nilimwambia haiwezekani. Akaniuliza kwa nini, na hapa ndipo aliposema neno ambalo sijalisahau.

“Zulaikha, si wewe uliyetuonyesha kwamba moja inatosha? Kama moja inatosha, ya pili ni ya nini?”

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia moja inatosha kwa muda wa kuitibu nyingine, haitoshi kwa kuishi. Nikamwambia yeye ni daktari, anajua mtu anaweza kuishi na figo moja, na bado hajawahi kumwazima mtu figo kwa ajili ya sherehe. Alicheka, si kwa ubaya. Akasema wageni hawa ni jengo zima la wazazi, ni vitanda, ni akina mama wangapi wa miaka ijayo, nami nazungumzia kisanduku. Yaya, sikudharau hoja yake. Ilikuwa na uzito. Lakini nilimwambia kwamba mimi kwa mkono wangu siichomoi. Akanitazama kidogo, kisha akamwita Dominique, mkuu wa vifaa, wakaenda wakaichomoa wenyewe.

Na unadhani kilitokea nini? Hakikutokea kitu. Simu zililia, picha zilipita, maabara iliendelea. Dominique akanigeukia akaniambia, umeona? Kwa siku kadhaa nilikuwa kichekesho cha kantini. Hospitali ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja, na kwa kuwa mguu ule haukulalamika, kila mtu aliamini kwamba mwingine ulikuwa pambo. Mimi nilibaki kila asubuhi naingia kile chumba cha mitambo, natazama nyaya za upande wa pili zinavyoning'inia, nazifunga vizuri zisipigwe na mlango. Kila moja niliiachia kibandiko chake. Dominique aliponitaka nifute maagizo yaliyokuwa ndani ya ile swichi niipange upya kwa ajili ya ukumbi, nilimwambia ajipatie matundu anayoyahitaji lakini yale mengine asiyaguse. Alikubali, kwa sababu hakujua kuyagusa.

Waliifungia ndani ya kabati la chuma, kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na kufuli kubwa. Ufunguo Direkta akauweka mfukoni mwake. Nadhani aliniogopa.

Siku ya mkutano ilikuwa Alhamisi, jua kali baada ya mvua, umeme ukikatika na kurudi, kukatika na kurudi, kama kawaida ya msimu huu. Asubuhi hiyo kina mama wa Gikundamvura walimleta mwenzao, jina lake Nyiransabimana. Alikuwa na uchungu tangu usiku kule kijijini, mtoto amekwama. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani. Walipofika, mtoto alikuwa ameshafariki tumboni, Mungu ampokee, na mama mwenyewe anavuja damu.

Daktari aliyekuwa zamu ni Muhire. Ni kijana, mikono yake ni mizuri, lakini upasuaji wa namna ile hakuwa ameufanya peke yake. Kwa hiyo alifanya tulivyozoea: aliwasha kamera ya chumba cha upasuaji, akampata daktari bingwa aliyeko Kigali, mama mmoja mtulivu, na huyo akawa anatazama kwenye kioo chake na kumwelekeza hatua kwa hatua. Muuguzi wake alikuwa Patricie, yule wa Mibirizi uliyemkuta nyumbani ile Idi. Haya yote amenisimulia Patricie baadaye, mimi nilikuwa chumba cha mitambo.

Kwanza picha ilianza kukwama. Ukumbini walikuwa wamewasha video ya wageni wa ng'ambo, na barabara iliyokuwa pana sasa ni nyembamba, wote wanasukumana humo. Nilikuwa nimeshaanza kuubana mzigo wa ukumbi ili wa upasuaji upite, umeme ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo, na ile swichi moja iliyobaki ikatoa harufu. Nilijua kabla sijaigusa. Sehemu yake ya kupokea umeme ilikuwa imeungua. Taa zote zikazimika usoni mwake.

Hospitali ikawa bubu. Kule ndani, yule mama wa Kigali alikuwa katikati ya sentensi, anamwambia Muhire mshipa gani abane kwanza, sauti ikakatika. Patricie aliinua simu ya ukutani kuomba damu zaidi kutoka kwenye akiba iliyoko jengo la chini, simu imekufa. Simu za mkononi mule ndani hazishiki, kuta ni nene. Akamtuma mhudumu akimbie. Mwenyewe akatoka mlangoni na glavu za damu, akaniona nakuja, akaniambia maneno machache tu: kwamba Muhire amebaki peke yake na hajui pa kuendelea.

Nilikimbia ukumbini. Mlangoni Dominique alinizuia, nikamweleza, akasema anaelewa lakini ufunguo hana. Hilo ni kweli. Nikaingia. Ukumbi umejaa, maua mezani, mgeni mmoja anahutubia. Nilipita pembeni kwa adabu, nikainama nyuma ya kiti cha Direkta, nikamnong'oneza sikioni kwamba swichi imekufa, kwamba kuna mama mezani anavuja damu na Muhire hana mwelekezi, kwamba nahitaji ufunguo sasa hivi.

Yaya, alinisikia. Hili ndilo watu wa Kigoma hawakukuambia, kwa sababu watu wa Kigoma hawakulijua. Hakuwa mtu asiyejua. Alinisikia neno kwa neno. Hakugeuka. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiendelea kumtazama mgeni na kutabasamu:

“Subiri hotuba iishe.”

Nimejiuliza mara nyingi aliwaza nini. Labda alidhani natia chumvi. Labda alihesabu moyoni mwake mama mmoja dhidi ya jengo zima. Labda hakuwaza, mdomo ulijibu tu kama tunavyomjibu mtoto anayetuvuta nguo kwenye msiba. Simhukumu kwa alichowaza. Nakuambia alichosema.

Nikatoka. Nikaenda kile chumba cha nyuma. Kufuli lile likakatwa. Mlio wake ulikuwa mkubwa, ukapenya ukumbini kote, mgeni akanyamaza katikati ya hotuba. Nikafungua kabati, nikachomoa swichi, na skrini zote za ukumbi zikawa nyeusi, na wale wa ng'ambo wakatoweka. Njia fupi ya kufika chumba cha mitambo inapita ukumbini, mbele ya watu. Basi nikapita mbele ya watu. Nimeikumbatia swichi kifuani, kitambaa changu cha kichwa kimejaa vumbi la chuma, nyaya zinaburuta nyuma yangu. Direkta alisimama. Aliniita kwa jina. Sikusimama. Kama kuna kitu walichokiita aibu, basi ni hicho, kwamba mkubwa aliniita mbele ya wageni nami nikampa mgongo.

Nikavuka ua, nikafika chumba cha mitambo, nikaipachika mahali pake. Kila waya ulikuwa unaning'inia pale nilipouacha, na kibandiko chake. Maagizo yake ya zamani yalikuwa ndani, kamili. Mikono yangu inaijua ile kazi. Taa zikaanza kuwaka moja moja, za maabara, za wodi ya watoto, za upasuaji. Kisha simu ya ukutani ya chumba kile ikalia. Alikuwa Patricie. Hakusema asante, alitaka tu kujua kama simu inafanya kazi, akakata akapiga kwa watu wa damu.

Nyiransabimana yuko hai. Yuko kwake Gikundamvura, amemzika mtoto wake, na hajui kama kuna kitu kinachoitwa swichi. Wala sitaki ajue. Na mimi, Yaya, sikuambii kwamba nimemwokoa. Muhire anasema huenda angefaulu hata bila sauti ya yule mama wa Kigali, na huenda asingefaulu. Hajui. Hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mtu anayekufa, na kitu alichokihitaji kilikuwa kimefungiwa ili watu waonane kwenye video.

Baada ya hapo niliitwa kwenye kikao. Walikuwepo wakuu wa idara wote, wale wale waliopiga makofi. Direkta alizungumza vizuri, kama anavyozungumza siku zote. Alisema hakatai kwamba nilikuwa na nia njema. Alisema kosa ni namna. Ningesubiri kidogo, ningemtuma mtu mwingine, nisingeharibu mali, nisingewakatia wageni mawasiliano. Akasema ataisahau habari yote kama nitaomba msamaha kwa maandishi, kwake na kwa wageni, kwa ajili ya namna tu, si kwa ajili ya jambo lenyewe.

Wengi waliokuwa pale walinitazama kwa macho ya kunibembeleza, kubali, Zulaikha, ni maneno tu. Na nikuambie ukweli, nilijaribiwa. Naipenda kazi ile. Lakini nilimwuliza Direkta mbele yao wote: kama ningesubiri hotuba iishe, namna yangu ingekuwa nzuri? Akalifunga faili lililokuwa mbele yake. Nikasema:

“Namna ndiyo jambo lenyewe. Sina namna nyingine kando yake ya kuiombea radhi.”

Muhire alisimama upande wangu, na Patricie pia, tena Patricie kwa ukali, mpaka wakamwambia akae. Haikusaidia. Nimeachishwa kazi. Umesikia nimesimamishwa, si hivyo, nimeachishwa kabisa, kadi nimerudisha. Na kuna wauguzi wanaosema kwa sababu yangu jengo la wazazi halitajengwa, maana wageni waliondoka kimya na mpaka leo hawajaandika. Hilo linaniuma, silifichi. Kina mama wanaendelea kulala wawili wawili kitandani. Lakini nikiuweka mzani vyovyote vile, siwezi kuufanya useme kwamba yule mmoja alipaswa kusubiri.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote nje ya nyumba hii, na ambalo ndilo hasa lililonifanya nikae nikuandikie.

Mimi sikukata lile kufuli.

Unakumbuka nimesema nilienda kile chumba cha nyuma. Nilikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nalivuta kufuli kwa vidole kama mwendawazimu, nalia. Papa alikuwa nje ya dirisha. Alikuwa amepewa kazi ya kuchomelea vyuma vya kushikia kwenye ngazi za ukumbi, hakuimaliza, wakamwambia asimame mpaka sherehe iishe, kwa hiyo alikaa kivulini na mashine zake, amevaa ile kofia yake ya sala iliyotoboka kwa cheche. Akanisikia. Akaja mlangoni, akaniuliza kuna nini, nikamwambia kwa maneno yaliyokatikakatika. Hakuuliza swali la pili. Alivuta waya wa umeme akaupitisha dirishani, akashika mashine ya kukatia chuma. Nikamwambia, Papa, hili ni kufuli la Direkta, watakunyang'anya kazi. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu:

“Kama kuko muntu anakufa, hii kufuli njo nini? Toka kidogo pale, cheche zitakuunguza.”

Akalikata.

Mimi nilitoka na swichi, macho yote yakanifuata, hakuna aliyemtazama mzee aliyebaki nyuma anakunja waya wake. Kila mtu alidhani nilikata mwenyewe kwa mashine niliyomnyang'anya baba yangu. Niliwaacha wadhani. Hata kwenye kikao niliwaacha, kwa sababu karibu kazi zote za chuma za hospitali ile ni za Papa, milango, vitanda, ngazi, na nilitaka ziendelee kuwa zake. Nilimwapisha anyamaze. Akaniambia sawa, lakini Papa akikuambia sawa namna ile unajua maana yake.

Kesho yake baada ya mimi kuachishwa, alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akapanda kilima kwa miguu, akaingia ofisini kwa Direkta bila miadi. Aliweka lile kufuli lililokatwa juu ya meza. Akamwambia Direkta kwamba kazi ile ni ya mkono wake, anaijua, aangalie ule mkato ulivyonyooka, msichana hawezi kukata hivi. Akasema kama kuna anayedaiwa msamaha wa kufuli, basi anayedaiwa ni yeye, na yeye hatautoa. Kisha akamsalimia kwa heshima akatoka. Haya nimeyapata kwa katibu wa Direkta, Papa mwenyewe alirudi nyumbani akaomba chai.

Kazi za hospitali wamempa fundi mwingine. Ndiyo maana umeona hali imebadilika kidogo nyumbani, na ndiyo maana Maman aliogopa kukuambia. Nami nakuomba usituandikie kwa huruma. Umeniambia niombe msamaha kwa ajili ya jina la Papa. Yaya yangu, jina la Papa limo ndani ya lile kufuli. Nikiomba msamaha, nitakuwa namwombea na yeye, na hajanituma. Nilimsomea barua yako jana, kwa sababu miwani yake imepasuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nikuandikie yote, nisipunguze kitu, na kwamba wewe ni mwanaye, utaelewa ukisikia yote.

Habari nyingine ni hizi. Patricie amenipa neno kutoka hospitali: swichi iliyoungua imebadilishwa, sasa ziko mbili tena, na ukumbi umepata yake. Hakuna anayethubutu kuigusa hata moja. Aliyechukua nafasi yangu ni kijana mzuri kutoka Kigali, alinipigia simu kwa adabu kuuliza nilivyozifunga zile nyaya, nikamweleza kila kitu. Kwa nini nimnyime? Wagonjwa si wa Direkta.

Mimi nimefungua meza yangu mbele ya karakana ya Papa. Wiki hii nilialikwa na shule moja ya sekondari kuvuta mtandao wao. Nikauliza njia ya pili tutaipitisha wapi. Mwalimu mkuu akacheka, akasema dada, tunaanza na moja, ya pili tutaona baadaye. Nikakusanya vifaa vyangu nikaaga kwa adabu. Nilikuwa nimeshafika barabarani waliponiita nirudi. Jumatatu naanza, njia mbili.

Basi nimalizie hapa, Mudathiru amepiga honi na Maman anataka kukuwekea samaki wakavu pembeni ya barua hii, samahani kama karatasi itanuka. Msalimie wifi sana, mwambie kitenge cha bluu kimenikaa vizuri. Wabusu batoto wote, mkubwa mwambie shangazi anamngoja amfundishe kushika bisibisi. Maman anakuombea kila sala. Papa anakusalimia kwa mkono wa kulia.

Tunakusubiri kwa Idi, njoo na watu wako wote, vitanda vipo. Ila kama utakuwa unakuja kunipeleka kilimani nikapige magoti, usisumbuke kuniita mimi. Bisha hodi tu. Atakayekufungulia mlango ni Papa.

Ni mimi mdogo wako, niliyekaa wima na ninayekupenda,

Zulaikha